Virusi havina babu mmoja: niliyojifunza kwenye muhogo

Muhogo si mmea wa asili wa huku. Wareno waliuleta Afrika kutoka Brazil katika karne ya 16, ukaenea, ukaipenda ardhi yetu ya kichanga, na leo mtu wa Tanga au Mtwara hawezi kuzungumzia njaa bila kuutaja muhogo kwanza. Lakini huko kwao Amerika ya Kusini hakuna batobato. Magonjwa mengine yapo, ila huu unaoyakunja majani, ukayatia mabaka ya njano na kuuacha mche umedumaa, huko haupo. Maana yake haukusafiri na muhogo. Ulikuwa huku tayari, ndani ya mimea yetu ya porini, na mgeni alipofika inzi weupe wakauvusha kutoka porini hadi shambani.

Nilipoelezwa hayo mara ya kwanza nilikuwa bado nasomea ufundi sanifu wa maabara, na mawazo yangu yalikwenda mbali kuliko somo lenyewe. Kama kirusi cha batobato kilitoka kwenye mimea ya porini, huko porini kilifikaje? Na kabla ya hapo? Ukilifuata swali hilo bila kuchoka unafika mahali ambapo hakuna muhogo, hakuna pori, hakuna jani hata moja duniani, na bado unatakiwa useme kirusi cha kwanza kilitoka wapi. Nimefanya kazi ya magonjwa ya mimea miaka mingi sasa na swali hilo sijaachana nalo. Naandika niliyoyapata kwa sababu watu huniuliza, hasa tangu wakati wa corona, na wengi wanaouliza wameshapewa jibu la haraka kwamba virusi vyote vimetengenezwa na binadamu.

Virusi vimetutangulia mbali sana. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky huko Urusi alichuja utomvu wa tumbaku yenye ugonjwa kwenye kichujio cha kauri ambacho bakteria hawapiti, na utomvu uliopita bado ukaambukiza. Miaka miwili baadaye, 1894, batobato ya muhogo iliripotiwa kutoka milima ya Usambara. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti cha Amani katika milima hiyohiyo, mtafiti wa magonjwa ya mimea aitwaye Storey na wenzake walikuwa wakifanya majaribio ya inzi weupe na kuupandisha muhogo na jamaa yake mti wa mpira ili wapate mbegu inayostahimili. Watu hao walipambana na kitu ambacho hakuna maabara yoyote duniani wakati ule ingeweza kukisoma, achilia mbali kukitengeneza.

Nimekulia shambani. Mama yangu alikuwa na jicho la batobato. Akipita kwenye shamba la jirani alishajua mashina gani hatayaomba kwa mbegu. Hakuna aliyemfundisha habari ya virusi. Alichojua ni kwamba pingili ya mche mgonjwa huzaa mche mgonjwa, na kwamba ugonjwa huanzia upande ule ambako inzi weupe wamejaa chini ya majani. Wengine walisema ni jua kali, wengine ardhi imechoka. Yeye aling'oa, akachoma, akapanda upya kwa mashina aliyoyakagua mwenyewe. Nilipoanza kazi maabara niliona kwamba tunachofanya ni kulifuata jicho lake kwa vyombo.

Tunachokitaka ni jani changa la nchani, lile ambalo bado halijafunguka vizuri, kwa sababu humo virusi ni vingi. Unalisaga kwenye kinu kidogo cha kauri pamoja na maji ya dawa, unalizungusha kwenye mashine hadi makapi yatuame, unaihamishia ile sehemu safi kwenye kichupa kingine, unamimina pombe baridi. Kinachotuama mwishoni ni ute mweupe mdogo sana, na ndani yake DNA, yaani nyuzi zinazobeba maelekezo ya urithi, ya muhogo na ya kirusi zimechanganyika. Mashine ya PCR inaikuza ile ya kirusi peke yake. Kisha unaipitisha kwenye jeli yenye umeme, unawasha taa ya urujuanimno, na mistari inang'aa: mstari wa urefu huu ni kirusi cha batobato cha Afrika, wa urefu ule ni kile cha Afrika Mashariki. Siku nyingine jani moja linatoa mistari yote miwili. Hilo la virusi viwili katika jani moja nitalirudia, kwa sababu ndilo lililonifungua macho kuliko yote.

Kirusi chenyewe ni kidogo kiasi cha kushangaza. Mwaka 1983 watafiti Stanley na Gay, wakitumia kirusi kilichotoka kwenye muhogo wa Kenya, walisoma DNA yake yote: duara mbili, moja ya herufi 2,779 na nyingine ya herufi 2,724, herufi hapa zikiwa ni vile vipande vidogo vinavyoshikana kuunda uzi wa DNA. Basi. Muhogo una mamia ya mamilioni ya herufi, na kiumbe kinachoutia ulemavu hakifiki hata herufi elfu sita. Ganda lake ni la pacha, magamba mawili yaliyoungana ubavuni, nanomita 18 kwa 30. Hakina seli, hakina ribosomu za kutengenezea protini, hakili wala hakipumui. Kila kitu kinakiazima ndani ya seli ya jani.

Sasa kitu cha namna hiyo kilianzaje?

Darasani tulipewa majibu matatu. Moja linasema virusi ni vipande vya jeni vilivyotoroka kutoka kwenye seli. La pili linasema ni viumbe vya seli vilivyozoea kunyonya wengine hadi vikapoteza karibu kila kitu. La tatu linasema vilikuwepo kabla ya seli. Mwalimu aliyaandika ubaoni kama vile lazima moja lishinde, na vitabu vingi bado vinayaweka hivyo. Kazi ya muhogo imenitoa kabisa kwenye mashindano hayo.

Chukua hicho kirusi cha batobato. Kina protini moja ambayo kazi yake ni kuanzisha kunakili: inakata uzi mmoja wa ile duara mahali maalumu, na nakala mpya inatolewa kwa kulizunguka duara. Wataalamu walipoitafuta protini hiyo inafanana na nini, walikuta jamaa zake kwenye plasmidi. Plasmidi ni viduara vya DNA vinavyoishi ndani ya bakteria na kujinakili vyenyewe, mbali na DNA kuu. Na jamaa wa karibu zaidi walikuwa kwenye plasmidi za fitoplazima, bakteria wasio na ukuta wa seli wanaoishi kwenye mirija ya chakula ya mimea. Watu wa pwani tunawajua kwa madhara yao hata kama jina hatulijui: ugonjwa unaoua minazi yetu, nazi changa zikapukutika na makuti yakaanguka mpaka likabaki shina tupu, unaletwa na fitoplazima.

Mwaka 2009 mtafiti wa virusi Mart Krupovic na wenzake wakatoa hoja ambayo mimi naiona ni miongoni mwa hoja nzuri kuliko zote katika elimu hii. Plasmidi ya bakteria wa namna hiyo ilijikuta ndani ya seli ya mmea. Haikuwa na ganda, kwa hiyo haikuweza kwenda popote. Humohumo ndani ya mmea kulikuwa na kirusi cha aina nyingine kabisa, cha RNA, yaani kinachobeba maelekezo yake kwenye RNA, jamaa ya DNA, badala ya DNA yenyewe, na chenye jeni ya ganda. Plasmidi ikaipata jeni hiyo, na kutoka siku hiyo ikaweza kuvishwa, kubebwa na mdudu, na kuingia mmea mwingine. Ganda la virusi vya jamii hii linafanana kwa umbo la protini na la virusi vidogo vya RNA vya mimea, na hiyo ndiyo alama ya njia lilikopita. Mwaka 2019 kundi hilohilo likapanua uchunguzi na kuonyesha kwamba virusi vyenye DNA ya uzi mmoja vimetokea zaidi ya mara moja, kila mara kutoka kwenye plasmidi tofauti.

Nilipoyasoma hayo nilikaa nayo muda mrefu. Kumbe kirusi nilichokuwa nikikipima kila wiki kina asili mbili ndani ya mwili mmoja. Sehemu inayojinakili ni ya ukoo wa plasmidi. Vazi lake ni la ukoo mwingine. Ni kama nyumba ya Mji Mkongwe iliyojengwa upya kwa mlango wa nyumba ya zamani: ukiuliza umri wa mlango utapata jibu moja, ukiuliza umri wa kuta utapata jingine, na yote mawili ni kweli. Tangu hapo mtu akiniuliza virusi vilianzaje, kwanza namuuliza ni kirusi gani, na ni sehemu yake ipi.

Ugonjwa mwingine wa muhogo ukanipa somo hilohilo kwa njia nyingine. Michirizi ya kahawia ni mbaya kuliko batobato kwa sababu inadanganya. Mche unaweza kusimama vizuri, majani yana unjano kidogo tu pembeni mwa mishipa, mkulima akaridhika na kusubiri. Siku ya kuvuna anang'oa muhogo mnene, anaupasua, na ndani nyama nyeupe imeingiwa na vipande vya kahawia, vikavu, vigumu, visivyopikika. Nimesimama na akina mama wakipasua muhogo mmoja baada ya mwingine hivyo, kikapu cha kutupa kikijaa na cha kubeba kikibaki chini. Storey aliueleza ugonjwa huu mwaka 1936, na kwa miongo mingi ulionekana wa pwani na nyanda za chini. Tangu 2004 umeenea Uganda na bara.

Virusi vyake ni vya RNA, herufi kama 9,000, havina undugu wowote na vile vya batobato ingawa wanaishi shamba moja na wanabebwa na inzi weupe walewale. Ndani yake kuna jeni inayoitwa Ham1. Jeni ya familia hiyo ipo kwa bakteria, kwa mimea, hata kwa binadamu. Kazi yake ndani ya seli ni ya usafi, kuziondoa herufi zilizoharibika zisije zikaingizwa kwenye DNA au RNA. Katika virusi vya RNA vya mimea ni nadra mno kuikuta. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2019 kwenye mmea wa jamii ya tumbaku yalionyesha kwamba ndiyo inayobeba makali ya kuua tishu. Yaani kirusi kimebeba jeni ambayo asili yake ni ya seli, kazi ya usafi, na kwenye mwili wa mmea matokeo yake yamekuwa uharibifu. Wale akina mama walikuwa wakiuona uharibifu wa namna hiyo kila walipopasua muhogo.

Kwa hiyo jibu la kutoroka lina nguvu kubwa, mimi nimeliona kwenye meza yangu. Krupovic na Eugene Koonin walikwenda mbali zaidi mwaka 2017: walilinganisha protini za magamba ya virusi vya kila aina na kuonyesha kwamba nyingi zina jamaa kwenye protini za kawaida za seli, na kwamba seli zimetoa malighafi ya ganda mara nyingi, siyo mara moja.

Jibu la kunyonya hadi kupungukiwa lilipata nguvu ghafla mwaka 2003. Kiumbe kilichookotwa kwenye maji ya mnara wa kupoza huko Bradford, Uingereza, mwaka 1992, na kudhaniwa ni bakteria, kilithibitishwa kuwa kirusi. Wakakiita Mimivirus. Kina herufi kama milioni 1.2, na kina baadhi ya jeni za kutengeneza protini, jambo ambalo halikutarajiwa kwa kirusi. Wengi wakasema huyu hapa, mabaki ya seli iliyodhoofika. Lakini mwaka 2017 likapatikana kundi jingine la virusi vikubwa kutoka maji taka ya Klosterneuburg, Austria, lenye jeni nyingi zaidi za namna hiyo, na zilipochunguzwa moja moja zikaonekana zimetoka kwa viumbe mbalimbali kwa nyakati mbalimbali. Virusi hivyo vilikua kwa kuokota. Mimi siegemei upande wa jibu hili, na sababu yangu nyingine naitoa kwa inzi weupe wenyewe. Ndani ya mwili wao wanaishi bakteria wanaoitwa Portiera, ambao wamepungua hadi kubaki na DNA ya herufi kama 350,000 tu. Wamepoteza karibu kila kitu wanachoweza kukipata kwa mwenyeji. Ribosomu hawajazipoteza. Ukipungua hivyo unabaki bakteria mdogo mno, na pengo kati yake na kirusi bado ni kubwa.

Lipo lile la tatu, la virusi kabla ya seli, ambalo wengi hulicheka. Wanasema kirusi kinahitaji seli, kitatanguliaje? Mwaka 1971 Theodor Diener alionyesha kwamba ugonjwa mmoja wa viazi mviringo unasababishwa na kitu kidogo kuliko kirusi chochote: duara la RNA tupu, herufi 359, bila ganda, bila hata jeni moja ya protini. Akakiita viroidi. Baadhi ya viroidi vinaweza kujikata vyenyewe, RNA ikifanya kazi ya kimeng'enya. Wanasayansi wengi wanaamini kwamba kabla ya seli kama tunazozijua kulikuwa na zama ambazo RNA ilibeba habari na kufanya kazi kwa wakati mmoja. Katika zama hizo, popote palipokuwa na molekuli zinazojinakili, lazima zilikuwepo nyingine zilizonakiliwa kwa jasho la wenzao. Mnyonyaji hahitaji seli. Anahitaji tu kazi ya mwingine ya kujishikiza nayo.

Ushahidi unaonisisimua zaidi ni wa maumbo. Kirusi cha adeno kinachotupa mafua sisi binadamu, kirusi kinachoshambulia bakteria kiitwacho PRD1, na kirusi cha viumbe wa chemchemi za moto za Yellowstone huko Marekani, vyote vitatu vina protini ya ganda iliyokunjwa kwa namna ileile. Binadamu, bakteria na wale wa chemchemi za moto ni matawi matatu ya uhai yaliyoachana mabilioni ya miaka iliyopita. Herufi za jeni zao zimebadilika hadi hazifanani tena, mkunjo umebaki. Ukiniuliza mimi, baadhi ya koo za virusi zilikuwepo kabla matawi hayo hayajaachana, na virusi vya RNA, pamoja na kimeng'enya chao cha kunakili RNA, vimebeba kitu cha zama hizo hadi leo. Na bado ganda walilovaa linaweza kuwa lilitoka kwenye seli baadaye. Hakuna ugomvi kati ya mambo hayo mawili.

Kuna mkutano wa wakulima ambao siusahau, upande wa Handeni. Tulikuwa tumemaliza kueleza mbegu safi, na mzee mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote akanyanyua mkono.

"Mtaalamu, umetuambia ugonjwa huu ulitoka porini. Huko porini uliwekwa na nani?"

"Shikamoo, Mzee. Haukuwekwa na mtu. Ulijiunga."

"Marahaba. Ulijiunga vipi?"

Nikamweleza ile habari ya vipande viwili vilivyokutana ndani ya mmea mmoja, kimoja kikajinakili, kingine kikavisha. Sikutaja plasmidi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza lile ambalo wataalamu wengi hawaniulizi: "Kama vilikutana zamani vikaungana, sasa hivi vinashindwa nini?"

Hawashindwi, nikamwambia, na imeshatokea karibu na sisi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilianza kufyeka muhogo Uganda. Watu walikosa mbegu, wengine wakaacha kabisa kupanda. Ilipofika 1997 watafiti wakaeleza kirusi kilichokuwa nyuma ya balaa lile: kilikuwa kile cha Afrika Mashariki, lakini katikati ya jeni yake ya ganda kulikuwa na kipande cha kirusi cha Afrika. Vyote viwili vilikuwa vimekutana ndani ya muhogo uleule, kama vinavyokutana kwenye majani ninayoyapima, na katika kunakili wakabadilishana vipande. Kisha kile kipya kikasambaa hadi magharibi ya Kenya na Kanda ya Ziwa, na kilipokutana tena na kile cha Afrika ndani ya mche mmoja, mche ulikuwa haubaki na kitu.

"Kwa hiyo mche wenye magonjwa mawili," mzee akasema, "ndio wa kung'oa kwanza."

Nikamwambia ndiyo, Mzee, huo ndio wa kwanza, na tukatoka kwenda kuitafuta miche ya namna hiyo shambani kwake.